Je, Wajua? Bibi Akianguka, Msikilize Anavyopumua
Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi zaidi. Bibi akiteleza bafuni, sote hukimbilia kumtazama nyonga. Mbavu je? Ubavu ukivunjika, kila kikohozi humchoma kama kisu, basi hujizuia. Makohozi hubaki mapafuni, nimonia ikapata mlango. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa wenye miaka 65 na zaidi, kila ubavu mmoja zaidi uliovunjika uliongeza hatari ya nimonia kwa asilimia 27, na ya kifo kwa 19. Ndiyo maana daktari humpa dawa ya maumivu mapema, kisha humhimiza akohoe, hata akinung'unika.