Kasi ya Intaneti Nyumbani: Tupime Kabla ya Kumdhania Jirani



Baada ya kumhimidi Allah (S.W.T.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona si la sheikh kuliandikia, nalo ni uzito wa intaneti majumbani mwetu. Tumeliandika kwa kuwa lilitutia makosani sisi wenyewe, na aliyeumia ni jirani.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumbani kwetu hapa Mishomoroni tuna mjukuu wa kike wa miaka 11, ambaye anahifadhi Qur'ani kwa shangazi yake aliyeko Maskati. Kila jioni baada ya swala ya Magharibi hukaa mbele ya simu chumbani, akasoma, na shangazi akamsikiliza na kumsahihisha. Kwa muda wa miezi miwili sauti ilikuwa ikikatika na picha ikiganda. Mwenye kujua tajwidi atatambua uzito wa jambo hili: madda ya harakati 6 ikimfikia mwalimu imekatwa katikati, hawezi kujua kosa ni la ulimi wa mtoto au ni la mtandao. Aya moja ikarudiwa mara tano, mara sita, hata mtoto akaweka msahafu wake juu ya mto na kutuambia kwa machozi, "Babu, mimi sitaki tena kusoma kwa simu."

Hapo tulifanya haraka. Tulikumbuka kwamba mwaka uliopita tulimpa mama wa nyumba ya pili nywila, yaani neno la siri la mtandao wetu, wakati mwanawe alipokuwa akijitayarisha kwa mtihani. Tukasema, hawa ndio wanaotumaliza. Tukaibadilisha nywila bila ya kumjulisha, na alipotuma mtoto kuuliza, tukamjibu mlangoni jibu ambalo jirani hastahiki kujibiwa. Usiku ule intaneti ilikuwa nzito vile vile. Usiku wa pili pia.

Surat al-Hujurat, sura ya 49, yatuamuru kuihakikisha habari kabla ya kuitendea, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kuzidisha dhana. Sura hii tumeisomesha madrasani miaka mingi. Haikutupitikia kwamba inatuhusu hata mbele ya kisanduku cha taa za kijani kilichowekwa nyuma ya friji.

Aliyetuzindua ni mkaza mwana wetu, mama wa mtoto. Alisema, "Baba, kabla ya kununua ruta nyingine, na kabla ya kusema na mtu, natupime kwanza." Haya yafuatayo ndiyo aliyoyafanya, nasi tunayaeleza kwa utaratibu ili kila mama aweze kuyafanya nyumbani kwake pasi na kumngoja fundi.

Kupima kasi

Jambo la kwanza ni kujua unalipia nini. Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa picha na video katika simu huandikwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Basi mwenye kulipia megabiti 10 akiona video inashuka kwa megabaiti moja na robo kwa sekunde, haki yake ameipata kamili. Wengi hulalamika kwa kutojua hesabu hii.

La pili ni kupima mahali pawili. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, ufungue mojawapo ya programu za kupimia kasi, uandike jibu. Kisha nenda katika chumba chenye taabu ukapime kwa simu. Ukikosa kompyuta, simama na simu yako hatua mbili kutoka penye ruta. Fanya hivyo asubuhi, alasiri na baada ya Isha, maana mtandao wa saa nne asubuhi si mtandao wa saa tatu usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani.

Mkaza mwana wetu aliandika majibu nyuma ya karatasi ya kalenda. Karibu na ruta tulipata megabiti 9 katika 10 tunazolipia. Chumbani kwa mtoto tulipata moja tu. Karatasi ile peke yake ilitosha kutuonyesha kuwa mwuzaji alikuwa ametimiza, na kwamba maradhi yalikuwa ndani ya nyumba yetu.

Mahali pa ruta

Mawimbi ya waifai hudhoofika yapitapo katika kuta nene za mawe, na hudhoofika zaidi mbele ya zege lenye vyuma, tangi la maji, kioo kikubwa na kabati la chuma. Friji ni sanduku la chuma, na ruta yetu ilikuwa nyuma yake, sakafuni, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi. Iweke ruta katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi. Usiifunike kitambaa kwa ajili ya pambo, kwani hupata joto.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yenye msongamano: majirani wote wa ghorofa wamo humo, na jiko la maikrowevu linapowaka huyavuruga. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi ila hayavuki kuta nyingi. Aliye karibu na ruta atumie ya 5. Aliye chumba cha mwisho atumie ya 2.4.

Nani anatumia?

Hapa ndipo tulipoona haya. Kila ruta ina ukurasa wake wa mipangilio, nao huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Tulihesabu vifaa 11, na vyote vilikuwa vya nyumba yetu. Runinga ya sebuleni ilikuwa ikionyesha katuni hata pasipo mtazamaji. Video ya ubora wa juu hula kiasi cha megabiti 5 kwa sekunde, hali simu ya video ya mtoto wetu haihitaji hata mbili. Tena kijana wetu mmoja alikuwa ameiachia simu yake ipeleke video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni kila anapoingia nyumbani jioni.

Watu wengi huitazama kasi ya kushusha tu. Kasi ya kupandisha nayo ina kazi yake, na mara nyingi ni ndogo zaidi. Simu moja ikiijaza njia ya kupandisha, sauti ya mwenye kuzungumza hukatika hata kama megabiti za kushusha zimebaki tele. Sauti ya mjukuu wetu ilikuwa ikisubiri nyuma ya video za harusi. Tukamwagiza kijana apeleke video zake usiku wa manane, na runinga izimwe wakati wa darasa.

Hata hivyo, ukikuta kifaa usichokijua katika orodha, badilisha nywila, na nywila ile iliyoandikwa chini ya ruta na kiwanda usiiache kabisa. Kuulinda mtandao ni katika sitara ya nyumba.

Waya na taa

Wenye faiba wajue kuwa ule uzi mwembamba unaoingia nyumbani ni wa kioo, na kinachopita ndani yake ni mwanga. Ukikunjwa kwa pembe kali au ukibanwa na mlango, mwanga hupotea njiani. Msianike nguo juu yake, na mtoto asichungulie ncha yake ikichomolewa, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Taa nyekundu ikiwaka katika kisanduku cha faiba, kwa kawaida maana yake mwanga haufiki. Hapo mwite fundi wa kampuni.

Ruta ikilemewa, izime, ungoje nusu dakika, kisha uiwashe. Lakini usikibonyeze kwa pini kile kitufe kilicho katika kitundu kidogo: hicho hufuta mipangilio yote.

Kosa likiwa nje ya nyumba

Ikiwa hata kwa waya, mbele ya ruta, kasi ni nusu au robo ya unayolipia, nawe umepima siku kadhaa, basi mpigie mwuzaji na umsomee karatasi yako: siku, saa, kipimo. Malalamiko yenye vipimo hayapuuzwi kwa urahisi. Asipokutekelezea, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya mteja aliyekwisha kumwendea mwuzaji wake kwanza. Nanyi mnaonunua laini moja mkaigawa kwa wapangaji wa jumba zima, someni Surat al-Mutaffifin. Megabiti nazo hupimwa, na mwenye kupunja kipimo ameonywa.

Na huenda kosa likawa mbali zaidi. Mji wetu ndio mlango wa intaneti ya nchi hii: waya wa TEAMS utokao Fujairah, katika Falme za Kiarabu, uliingia Mombasa mwaka 2009, na SEACOM mwaka huo huo, kisha ukafuata EASSy mwaka 2010. Mwezi wa Februari 2012, nanga ya meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilikata TEAMS papa hapa baharini kwetu. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi uzito. Siku kama hizo, dalili yake ni kuwa watu wa kampuni mbalimbali hulalamika pamoja. Hakuna ruta ya kununua hapo ila subira.

Haki ya jirani

Swali moja limebaki: je, kumpa jirani nywila ni wema? Ni wema, ikiwa mkataba wako na mwuzaji hauukatazi, kwani Mwislamu hufungwa na sharti aliloliridhia. Ukiwa huwezi, mwambie kwa uso mkunjufu. Na anayejiunga na mtandao wa mwenziwe bila ya idhini, ajue anatumia kilicholipiwa na mwingine.

Sisi tulikwenda kwa mama yule asubuhi ya Ijumaa, pamoja na mke wetu, tukamtaka radhi mbele ya watoto wake. Alitukaribisha kahawa, akasema, "Sheikh, tangu mtihani uishe, watoto wangu hawajaingia kwenu. Sisi twatumia bando za simu." Ile siku aliyomtuma mtoto, alitaka kujua kama kwetu pia intaneti imepotea, maana simu za kwake zilikuwa hazishiki.

Ruta sasa iko juu ya kabati la vitabu sebuleni. Chumbani twapata megabiti 7, na mjukuu wetu amefika nusu ya Surat Yasin. Karatasi ya vipimo tumeibandika ukutani, ili tukizidiwa tena na hasira tuisome kwanza.

Wabillahi tawfiq.