Goti likikakamaa lisivutwe kwa nguvu

Huenda katika safu yako ya swala yupo mtu, au pengine ni wewe mwenyewe, aliyefunguliwa hogo miezi miwili iliyopita. Mfupa umeunga vizuri, lakini goti halikunjiki. Anaswali kitini, na kila jioni kuna jamaa anamkanda kwa maji ya moto na kumvuta mguu mpaka machozi yanamtoka. Anaambiwa avumilie, eti maumivu ndiyo dawa. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Kiungo kimezungukwa na kifuko, na ndani yake mna ute unaokilainisha. Kiungo kikikaa wiki nyingi bila kutikiswa, kifuko hicho husinyaa na misuli ya jirani hufupika. Sasa, goti linapokunjwa, mfupa hauzunguki tu kama bawaba ya mlango, bali pia huteleza kidogo juu ya mwenzake. Kifuko kilichosinyaa huuzuia mtelezo huo. Ukilazimisha mguu ukunje, mifupa hubanana upande mmoja, na asubuhi goti huamka limevimba kuliko jana.

Mtaalamu wa fiziotherapia huanza na ule mtelezo uliopotea. Mguu wa mtu mzima ni mzito na mikono huchoka, hivyo wengine hutumia mkanda mpana, mfano wa ule wa kiti cha gari. Huuzungusha kwenye mguu wa mgonjwa chini kidogo ya goti, na upande wa pili kiunoni mwake mwenyewe. Akijiegemeza nyuma taratibu, uzito wa mwili wake ndio unaosogeza mfupa, na mikono inabaki huru kuliongoza goti. Mfupa ukiwa umeshikiliwa hivyo, mgonjwa mwenyewe hulikunja goti lake, mara 6 hadi 10, kisha hupumzika. Mbinu hii ilienezwa na Brian Mulligan, mtaalamu wa New Zealand, na sharti lake kubwa ni kwamba isiume. Ikiuma, upande wa kusogezea hubadilishwa, au kazi husimama.

Geoffrey Maitland wa Australia naye alipanga misogezo ya viungo katika daraja 4. Daraja la 1 na la 2 halifiki mwisho wa kiungo, nalo ni la kutuliza maumivu. La 3 na la 4 hufika mwisho, na ni kwa kiungo kilichokakamaa. Tazama tofauti yake na yule jamaa wa maji ya moto, ambaye ana daraja moja tu!

Lakini mkanda hauoteshi gegedu lililolika, na nafuu ya kliniki hupotea upesi kama nyumbani hakuna mazoezi ya kila siku. Kutembea kunataka goti likunje nyuzi 60 hivi, kuinuka kitini ni 90 au zaidi, na kukalia visigino katika tahiyatu hupita 140. Kwa hiyo anayetembea vizuri asishangae kuwa bado hawezi kukaa chini. Safari yake haijaisha.

Wapo wasiofaa kufanyiwa haya kabla ya kuonwa na daktari: mwenye mfupa usiounga, mwenye kiungo chenye joto pamoja na homa, mwenye kifua kikuu cha kiungo au saratani ya mfupa, na yule ambaye shavu la mguu limevimba ghafla na kuuma, maana huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa.

Na mtoto aliyevunjika kiwiko asikandwe kabisa, wala mkono wake usinyooshwe kwa nguvu. Misuli iliyo mbele ya kiwiko ikichokozwa huweza kuota mfupa ndani yake, na mkono ukafunga moja kwa moja. Akishafunguliwa hogo na daktari akaridhika kuwa mfupa umeunga, mwacheni autumie mwenyewe kwa kula, kuvaa na kucheza. Aghalabu kiwiko cha mtoto hulegea hivyo hivyo, ingawa huchukua miezi.