Je, Wajua? Mwenzako Kazini Akiwa Chapín

Je, wajua kwamba Waguatemala hujiita chapín, na mwanamke huitwa chapina? Ukiwa na mwenzako kazini anayetoka huko, mwamkie hivyo tarehe 15 Septemba uone atakavyocheka. Siku hiyo mwaka 1821 Guatemala na jirani zake walitangaza uhuru kutoka Hispania, kwa hiyo Mhondurasi na Msalvador wa ofisini nao wana haki ya pongezi. Ila usimvalie ile kofia pana ya majani, hiyo waachie Wameksiko.

Je, wajua kwamba sarafu yao, quetzal, ni jina la ndege? Manyoya yake ya kijani yalikuwa mali ya thamani kwa Wamaya wa kale.

Je, wajua kwamba ala yao ya taifa ni marimba? Ndiyo, marimba. Jina lina asili ya Kibantu, na wajuzi wengi husema ala yenyewe ilizaliwa kwa ufundi wa Waafrika waliovushwa bahari utumwani. Za zamani zilining'inizwa vibuyu chini ya mbao. Za leo zina visanduku vya mbao, na kubwa hupigwa na watu kadhaa waliopangana bega kwa bega. Kwenye kitundu cha kila kisanduku hubandikwa utando wa utumbo wa nguruwe, na ndio unaotoa ule mvumo wa nyuki. Mgeni hudhani ala imepasuka, kumbe huo ndio utamu wake.

Je, wajua kwamba huko hutambuliwa lugha 22 za Kimaya, mbali na Kigarifuna, Kixinka na Kihispania? Huenda Kihispania cha mwenzako ni lugha ya shule, kama Kiingereza chako.

Je, wajua kwamba Guatemala ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa iliki duniani? Wanunuzi wakuu ni Waarabu, kwa kahawa yao. Wakulima wenyewe hawaili sana. Mpelekee mwenzako maandazi ya iliki, aonje zao la kwao kwa mapishi yetu.

Je, wajua kwamba Jumamosi jioni taa nyekundu mlangoni hutangaza kuwa nyumba ile inauza tamales, unga wa mahindi wenye nyama uliofungwa majanini? Usiwaze mengine.

Je, wajua kwamba tarehe 1 Novemba, watu wa Sumpango na Santiago Sacatepéquez huwakumbuka marehemu wao kwa tiara? Si tiara za watoto. Za mianzi na karatasi za rangi, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, hata hazirushwi, husimamishwa tu zitazamwe. Unesco iliuingiza ufundi huo katika orodha yake mwaka 2024. Tarehe 7 Desemba huchomwa sanamu za shetani, ili nyumba ziingie Krismasi zikiwa safi.

Je, wajua kwamba blauzi ya mwanamke wa Kimaya, huipil, humtaja mvaaji? Kanga husema kwa maneno. Huipil husema kwa nakshi na rangi, na mwenye jicho hutambua mji alikotoka. Kitanda chake cha kufumia hufungwa mtini upande mmoja, na upande wa pili mshipi humzunguka mfumaji kiunoni. Kazi ya nguo moja huchukua miezi. Basi mwenzako akija nayo ofisini, usimwombe akuazime upigie picha. Muulize ni ya mji gani, na nani aliifuma.