Ndege Inayolalia Kushoto Yenyewe

Msomaji wa Arusha ametuandikia. Anajifunza kurusha ndege kwa simuleta, chumbani kwake, akiisubiri siku ambayo ada ya chuo cha urubani itapatikana. Shida yake ni kwamba ndege akishaiweka sawa juu ya mawingu na kuachia mkono, inaanza kulalia kushoto yenyewe. Akiirudisha inatulia, kisha bawa linashtuka ghafla bila yeye kugusa kitu. Ameondoa programu na kuiweka upya, amehamisha waya kwenye tundu lingine la USB, wapi! Anauliza: joystiki imekufa anunue nyingine, au kuna fundi wa kuitibu?

Fundi yupo, na huenda ni yule yule anayetengeneza redio mtaani kwake, kwa sababu ugonjwa ni ule ule. Unazikumbuka redio ambazo ukizungusha kitufe cha sauti zinakwaruza, sauti inapotea, halafu inarudi kwa kishindo? Nyuma ya kitufe kile kuna kifaa kinachoitwa potensiometa, ambacho mtaani kinajulikana kwa kazi yake: volyumu. Joystiki nyingi za bei ya kawaida zina volyumu mbili au tatu za aina hiyo. Moja ni ya kulaza mabawa, moja ya kuinua na kushusha pua, na ya tatu, kwa zile ambazo mpini wake husokoteka, ni ya usukani wa mkia.

Ndani ya potensiometa mna utepe wa kaboni uliopinda. Ncha moja hupewa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, ncha nyingine sifuri. Juu ya utepe hutembea kipande chembamba cha chuma kinachofuata mwendo wa mpini, nacho huchukua volteji ya pale kilipokanyaga. Kipande hiki kimenisumbua jina. Kukiita kipangusio ni kukisingizia, hakipangusi kitu. Na brashi si brashi. Mimi nitakiita ulimi, kwa kuwa kazi yake ni kulamba utepe, na anayetaka jina la heshima zaidi alilete. Ulimi ukiwa katikati husoma volti 2.5. Chipu ya joystiki hugeuza volteji hiyo kuwa namba. Ikiwa ni ya biti 10, namba huanzia 0 hadi 1023, na katikati ni 512 hivi. Kompyuta haiujui mkono wala haiujui mpini. Inaijua 512.

Sasa tazama rubani anavyofanya kazi. Kwa sehemu kubwa ya safari hafanyi mbwembwe. Anasahihisha tu, kushoto kidogo, kulia kidogo, daima karibu na katikati. Ulimi unalamba mahali pale pale maelfu ya mara. Kaboni inalika, vumbi lake linabaki juu ya utepe, na ulimi ukilikanyaga mguso unakatika kitambo kidogo: namba inaruka kutoka 512 hadi 600 na kurudi. Huo ndio mshtuko wa bawa. Na pale kaboni ilipolika bila usawa, katikati huhama: mpini umesimama wima, namba inasema 490. Huko ndiko kulalia kushoto. Linaloniudhi ni kwamba potensiometa ya kawaida huweza kuzunguka nyuzi 270 na zaidi, ilhali mpini wa joystiki husogea nyuzi chache tu kila upande. Ikiwa mpini umeunganishwa nayo moja kwa moja, sehemu kubwa ya utepe inafika uzeeni haijaguswa.

Dawa ya kwanza ni ya bei ndogo. Chomoa, fungua, hakikisha kwanza hakuna waya uliokatika shingoni mwa mpini, kisha puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, zungusha mwisho hadi mwisho mara nyingi, acha ikauke. Si mafuta ya bawaba za milango: hayo hubaki na kukusanya vumbi jipya. Mara nyingi joystiki hupona, kwa muda. Simuleta nazo zina mpangilio wa kuipuuza misogeo midogo ya katikati, na wengi huutumia kuficha ugonjwa. Siupendi. Misogeo hiyo midogo ndiyo unayoihitaji ndege ikiwa mita chache juu ya barabara ya kutua.

Dawa ya pili ni kubadilisha potensiometa yenyewe, na hapa fundi redio anaweza kukuponza kwa nia njema kabisa. Volyumu ya redio huwa imetengenezwa kuridhisha sikio, ambalo halisikii kwa hatua sawa. Kwa hiyo ukinzani wake hupanda polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Joystiki inataka ukinzani unaopanda sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Zinazouzwa siku hizi, ya redio huandikwa A na ya kwetu B, mathalani B10K. Usiamini herufi peke yake. Weka kishikio katikati, pima kwa mita kutoka mguu wa kati hadi kila mguu wa pembeni. Ya omu 10,000 iliyo sawa itakupa 5,000 huku na 5,000 kule, kwa kukaribia. Ikikupa 1,500 na 8,500, irudishe kwenye redio. (Mwenye joystiki ya mtumba yenye plagi pana ya pini 15 ajue kwamba hiyo ni ya ukoo wa IBM ya mwaka 1981. Ile haikupima volteji. Ilipima muda ambao kapasita inachukua kujaa kupitia ukinzani, na ilihitaji potensiometa za kiloomu 100 au karibu yake.)

Lakini kubadilisha utepe kwa utepe ni kuahirisha. Ulimi mpya utalamba, kaboni mpya italika. Swali linalonivutia ni hili: tutajuaje mpini umesimama wapi bila kitu kugusa kitu? Jibu lina umri mkubwa kuliko ndege yenyewe. Lilipatikana Baltimore, Marekani, mwaka 1879.

Edwin Hall alikuwa mwanafunzi wa Henry Rowland katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Akisoma kitabu kikubwa cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku, alikuta Maxwell anadai kwamba sumaku haiusukumi mkondo wa umeme, inausukuma waya unaoubeba. Hall hakuridhika. Alijiuliza: kama mkondo wenyewe ndio unaosukumwa, si ungebanana upande mmoja wa waya, na kubanana huko kukapimika? Majaribio ya kwanza hayakuonyesha kitu. Ndipo akabandika jani la dhahabu, jembamba mno, juu ya kioo, akapitisha umeme ndani yake, akaliweka kati ya ncha za sumaku kali. Kipimo kikaitika. Alikuwa amepima msongamano wa elektroni miaka 18 kabla ya elektroni kugunduliwa.

Nenda Kigamboni jioni, pantoni inapotia nanga. Lango linafunguliwa na umati unamiminika kwenye njia yenye paa na ukuta kila upande. Kukiwa shwari watu wanajaza upana wote wa njia, na ukikata mstari katikati utakuta kushoto wapo sawa na kulia. Sasa uwepo upepo wa ajabu ambao haumgusi aliyesimama, unamsukuma anayetembea tu, tena anayekwenda kasi humsukuma zaidi, na daima humsukuma kwenda kushoto kwake. Watu hawasimami, wanaendelea mbele huku wakisogea. Ukuta wa kushoto unajaa mabega, wa kulia unabaki mtupu. Je, wataendelea kurundikana hadi wakanyagane? Hapana, kwa sababu waliokwisha kubanwa nao wana viwiko. Kila anayesukumwa na upepo anakuta anarudishwa na viwiko, mpaka nguvu mbili zinalingana, na kuanzia hapo umati unakwenda moja kwa moja tena, ila umeegemea. Mtu aliyefungiwa chumbani, asiyeuhisi upepo, akihesabu tu waliopo ukuta huu na ukuta ule, atajua upepo una nguvu kiasi gani. Upepo ukigeuka, kujaa kutahamia ukuta wa pili, naye atajua hilo pia. Upepo ni sumaku, watu ni elektroni, na tofauti kati ya kuta mbili ni volteji ya Hall.

Na kwa nini jani la dhahabu, si kipande kinene? Kwa sababu pantoni ileile ikipitisha watu wake kwa idadi ileile kwa dakika katika umati mdogo zaidi, kila mmoja lazima akimbie, na upepo wetu hupenda wanaokimbia. Mkondo uleule katika jani jembamba hubebwa na elektroni chache zinazokwenda kasi zaidi. Katika waya wa shaba wa kawaida elektroni husogea chini ya milimita moja kwa sekunde. Umati ni mkubwa mno, hauna haraka. Semikondakta kama silikoni iliyotiwa dawa, au galiamu asenaidi, ina elektroni huru pungufu kwa mamilioni ya mara, kwa hiyo zake hukimbia kwelikweli na volteji hupanda hadi kiwango cha kufaa kazi. Kilichokuwa ajabu ya maabara kikawa kidude cha miguu mitatu chenye ukubwa wa punje ya mchele.

Kinachonifurahisha zaidi ni tabia ya kidude hicho. Aina ijulikanayo kama 49E, ikipewa volti 5 bila sumaku karibu, hutoa volti 2.5. Leta ncha moja ya sumaku, inapanda. Leta ncha nyingine, inashuka. Ni lugha ileile aliyokuwa akiongea ulimi, kwa hiyo kompyuta haitajua kwamba kitu kimebadilika. Wapenzi wa simuleta hufunga sumaku mbili ndogo kwenye mhimili wa mpini, zikitazamana ncha kwa ncha pinzani, na kidude katikati yake kikiwa kimetulia. Mpini ukigeuka, sumaku hukizunguka bila kukigusa. Volteji hufuata sini (sine) ya pembe, si pembe yenyewe, lakini kwa nyuzi 20 tofauti ni kama asilimia 2, mkono hautaihisi. Tahadhari moja kwa anayelehemu: mguu wa kati wa potensiometa ndio unaotoa ishara, wakati mguu wa kati wa 49E ni wa kwenda sifuri.

Basi, msomaji wetu anunue au atengeneze? Mhimili wake mmoja tu ndio mgonjwa, kwa hiyo asafishe, na ikirudia aweke B mpya yenye thamani iliyoandikwa kwenye ya zamani. Akimaliza afungue joy.cpl, dirisha la joystiki kwenye Windows, na kuipima upya katikati na mwisho wa kila upande. Mihimili miwili ikiugua, anunue ya Hall, ila asome maelezo ya kila mhimili: zipo zenye Hall kwenye mihimili mikuu miwili, na msokoto wa mkia ukaachiwa kaboni. Akiota kurusha Airbus A220 za Air Tanzania, ambazo zina mpini wa pembeni badala ya usukani wa katikati, akumbuke kwamba rubani mkuu huushika kwa mkono wa kushoto, na joystiki nyingi dukani zimechongwa kwa kiganja cha kulia. Msaidizi wake hukaa kiti cha kulia na kutumia mkono wa kulia, na kila mtu huanzia hapo. Kwa miaka michache hiyo ya kulia itamfaa.