Mahakama ya Kadhi: Tuliitetea, Je, Twaitumia?

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki ni maneno machache yawezayo kuwagawa watu upesi kama "Sheria ya Kiislamu" yanapotajwa pamoja na "Serikali". Asiyekuwa Mwislamu huyasikia akaingiwa na khofu, akadhani kuwa kesho atahukumiwa kwa dini isiyo yake. Mwislamu naye huyasikia akaona fahari, na pengine hujifunga kibwebwe kuyatetea. Lakini waulize wote wawili sheria hiyo imepewa mahali gani katika dola, na kazi yake ni ipi; aghalabu utaona kuwa mwenye khofu hajui, na mwenye fahari hajui. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utulivu, na tuchukue mfano wa Kenya, ambako limejadiliwa sana na kupigiwa kura.

Mahakama ya kadhi si jambo lililozuliwa juzi. Makadhi walikuwako katika miji ya pwani kabla ya Mwingereza kutawala. Mwaka 1895, Sultani wa Zanzibar alipokubali ukanda wa maili 10 wa pwani uendeshwe na Waingereza, hukumu za Kiislamu za wakaazi wake hazikuondolewa. Tena Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walipatana kuwa ukanda ule uwe sehemu ya Kenya, na kuwa mahakama za kadhi zihifadhiwe. Ahadi ile ikaingia katika Katiba, na mwaka 1967 ikatungwa sheria ya kuziendesha.

Hata hivyo si wote walioridhika. Mwaka 2004 baadhi ya viongozi wa makanisa walikwenda Mahakama Kuu, wakauliza: Ikiwa dola haina dini, kwa nini fedha za raia wote zilipie mahakama ya dini moja? Swali hilo lastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa hasira. Mwezi wa Mei 2010 majaji watatu waliwakubalia, wakasema kuwa kifungu cha kadhi katika Katiba ya zamani hakipatani na dola isiyo na dini. Lakini wakati huo huo Katiba mpya, iliyobakisha mahakama hizo, ilikuwa imekwisha pelekwa mbele ya wananchi. Tarehe 4 Agosti 2010 watu zaidi ya milioni 6 waliikubali, na wasiopungua milioni 2 na nusu wakaikataa.

Ndugu msomaji, izingatie hesabu hiyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Waislamu wa Kenya walikuwa kama 11 tu katika kila watu 100. Ni dhahiri basi kuwa wengi wa waliosema "ndiyo" hawakuwa Waislamu. Hatusemi kuwa waliipigia kura mahakama ya kadhi peke yake, kwani Katiba ile ilikuwa na mengi, zikiwamo serikali za kaunti na haki za raia. Lakini walijua kuwa kadhi yumo ndani yake, na waliombwa waikatae kwa sababu yake, wasikatae. Mwislamu anayesema kuwa jirani zake wote ni maadui wa sheria yake hawafanyii uadilifu.

Na Katiba yenyewe yasemaje? Kifungu cha 170 kinampa kadhi mambo manne tu: hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi. Tena ni sharti wote wawili wenye shauri wawe Waislamu, na wote wakubali kuhukumiwa hapo. Kadhi hakati mkono wa mwizi, wala hamwiti Mkristo mbele yake. Na asiyeridhika na hukumu aweza kukata rufani Mahakama Kuu. Lau haya yangelielezwa vizuri tangu mwanzo, khofu nyingi zingelipungua.

Upande wetu nako rai si moja. Wako wasemao kuwa haki hii ni ndogo, kwani Uislamu una hukumu za biashara na za jinai pia. Wako wasemao kuwa kadhi aajiriwaye na dola isiyo na dini hawezi kuwa huru. Na wako wanaochelea kuwa mwanamke hatapata haki mbele ya kadhi. Kwa hawa wa mwisho iko khabari ya kuzingatiwa. Mtaalamu wa Kimarekani, Susan Hirsch, alizichunguza mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, akatoa kitabu mwaka 1998. Aliona kuwa wengi wa wanaoleta mashauri ni wanawake, na kuwa mara nyingi hushinda. Mama aliyenyimwa matumizi, au aliyeachwa akaning'inia, hakuiona mahakama hii kuwa adui, aliikimbilia.

Tanzania twapata funzo la pande mbili. Zanzibar mahakama ya kadhi imo ndani ya dola, kwa sheria ya mwaka 1985 iliyofuatwa na nyingine ya mwaka 2017. Bara, mswada wa mwaka 2015 wa kuitambua haukupitishwa. Huko wengi wanaitamani mahakama ambayo wenzao wa Mombasa na Lamu wanayo, na pengine wanapita mlangoni pake bila kuingia.

Hapa ndipo penye uchungu. Hatari kubwa ya sheria ya mirathi leo haitoki bungeni wala kanisani. Iko majumbani mwetu. Baba hufa, kaka mkubwa akashika funguo za nyumba na hati ya shamba, na miaka ikapita bila kugawa. Dada akiuliza huambiwa kuwa ana mume wa kumtunza. Mjane akiuliza huambiwa angoje. Na huyo kaka pengine ndiye aliyepaza sauti kuliko wote mahakama ya kadhi ilipotaka kuondolewa!

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu amekufa, ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Yakishatolewa gharama za maziko, madeni na wosia, zimebaki shilingi 480,000. Mke ana thumni, nayo ni 60,000. Zilizobaki ni 420,000. Mwana wa kiume apata sehemu mbili na kila binti sehemu moja. Mwana atapata 210,000, na kila binti 105,000. Fungu hizo zimetajwa katika Sura Annisaa, wala si hisani ya kaka. Azuiaye fungu hilo amepinga sheria kuliko yule aliyepiga kura ya "la", kwani yule hakuwahi kuiamini.

Basi yatupasa tufanye nini? Kila mwenye nyumba aandike madeni yake na amana alizonazo. Akitaka kuusia, asizidishe theluthi ya mali yake. Ndoa na talaka ziandikishwe, ili mke asishindwe kuthibitisha haki yake. Mauti yakitokea, warithi wakutane mapema, na wakikhitilafiana waende kwa kadhi pamoja. Na vijana wa kike na wa kiume wafundishwe mafungu ya mirathi, kama wanavyofundishwa udhu na Sala.

Jirani yetu asiye Mwislamu haisomi sheria yetu vitabuni. Huisoma katika hali ya mjane anayekaa mtaani kwake. Akimwona mjane huyo amepewa haki yake bila ya kulia, khofu yake itapungua kuliko kwa hotuba mia. Na akimwona ametolewa nje na shemeji zake, ni hoja gani tutakayomjibu nayo siku kura nyingine itakapopigwa?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitenda haki tunayoitetea. Amin.