Mbiu ya Mgambo Isiyo na Jambo: Kwa Nini King'ora cha Gari Hulia Bure?

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini katika mitaa ya miji mingi king'ora cha gari hulia usiku wa manane, mwenye gari akatoka mbio na kurunzi, asikute mwizi wala kioo kilichovunjwa. Usiku wa pili hulia tena. Usiku wa tatu majirani hawainuki vitandani. Hapo ndipo penye hasara. King'ora kilichozoeleka kwa uongo hakimlindi mtu tena, hata siku mwizi atakapofika kweli.

Hata hivyo, king'ora hakilii bila sababu. Kila mlio una chanzo chake, na chanzo hicho hutafutwa kwa njia ile ile itumikayo katika maabara ya shule.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Mtambo wa tahadhari una sehemu tatu: vihisi, yaani vifaa vinavyotambua badiliko, kisanduku cha uamuzi, na king'ora chenyewe. Kisanduku hakimjui mwizi. Hupokea ishara za umeme tu, na ishara itokayo kwenye swichi iliyoliwa na kutu haina tofauti na ile iletwayo na mlango unaofunguliwa.

Kihisi kilicho rahisi kuliko vyote ni swichi ya mlango au ya boneti. Katika magari mengi swichi hii ni kijiti chenye springi. Boneti ikifungwa hukibonyeza kijiti, na mzunguko wa umeme hukatika. Ikifunguliwa, springi hukisukuma juu, mzunguko ukaungana na bodi ya gari, na king'ora kikalia. Swichi ya boneti hukaa mahali pabaya, penye joto la injini, vumbi na maji ya mvua. Pwani, hewa ya chumvi huharakisha kutu. Maji machafu yakiingia ndani yake hupitisha umeme kidogo, nacho kisanduku huamini kwamba boneti imefunguliwa.

Kihisi cha mtikisiko aghalabu huwa na kipande cha kauri au fuwele kitoacho umeme kinapominywa au kupindwa. Tabia hiyo iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie. Kihisi hiki kikirekebishwa kuwa chepesi mno, lori lipitalo, ngurumo ya radi, au paka arukiaye boneti hutosha kukiamsha.

Betri nayo ina lawama yake. Betri ya kawaida ya gari dogo ina seli sita, na kila seli hutoa takriban volti 2.1. Ikiwa imejaa na kutulia, jumla yake hukaribia volti 12.6, ikishuka hadi 12.0, imekaribia kwisha. Baadhi ya mitambo hutambua mlango uliofunguliwa kwa mshuko wa ghafla wa volti, kwa kuwa taa ya ndani huwaka wakati huo. Basi feni ya rejeta ikijiwasha baada ya injini kuzimwa, mtambo wa namna hiyo hudanganyika. Betri dhaifu na viungio vya nyaya vilivyolegea huzidisha mishuko hiyo.

Kumtafuta mwongo

Hatua ya kwanza ni kuandika: saa ya mlio, hali ya hewa, na muda uliopita tangu gari kuegeshwa. Mlio wa dakika chache baada ya kuegesha huelekeza kwenye feni. Mlio wa baada ya mvua, kwenye swichi. Mlio wa malori yapitapo, kwenye kihisi cha mtikisiko. Mlio wa alfajiri, gari likiwa limelala muda mrefu, kwenye betri. Hatua ya pili ni kupima volti asubuhi, kabla injini haijawashwa. Hatua ya tatu ni kubadili jambo moja tu kwa usiku mmoja: leo swichi isafishwe, kesho kihisi kipunguzwe wepesi.

Anayebadili betri, swichi na kihisi kwa siku moja huenda akapata kimya, lakini hatajua kilichokileta. Huenda amelipia vitu vitatu, na kumbe kipande cha msasa kingetosha. Ndiyo maana katika majaribio mengi ya sayansi mambo mengine yote hushikiliwa palepale wakati moja linapobadilishwa.

Wanafunzi waweza kuunda mfano wa swichi ya boneti kwa betri ndogo, balbu, na vipande viwili vya bati, kisha watie tone la maji ya chumvi katikati ya bati hizo na kupima mkondo upitao kwa galvanomita. Balbu huenda isiwake, ila sindano itasogea. Mkondo hafifu kama huo, usioonekana kwa macho, ndio unaoweza kuuamsha mtaa mzima.

Chanzo kikishapatikana na kutengenezwa, king'ora hurudia kazi yake. Siku kitakapolia tena, majirani watakuwa na sababu ya kuamka.