Nani Huandaa Takwimu Tunazosomewa?



Katika vikao na kamati za parokia kuna swali ambalo haliishi. Tukisoma kwamba nchi fulani imelemewa na deni, au kwamba mabilioni ya fedha yametoroshwa kutoka Afrika, lazima mmoja asimame nyuma na kuuliza: hesabu hizo amezifanya nani? Wafadhili wetu nao huuliza hivyo hivyo, ila kwa barua.

Tumezoea kujibu kwamba ni wataalamu. Jibu hilo halitoshi. Profesa ambaye jina lake liko kwenye jalada la ripoti mara nyingi hakuketi peke yake na makaratasi. Nyuma yake wapo wanafunzi wa shahada ya uzamivu, walioajiriwa kama watafiti wasaidizi katika vituo vya utafiti vya vyuo vikuu. Katika toleo hili tunapenda kueleza kazi yao, kwa kutumia kituo kimoja: Taasisi ya Utafiti wa Uchumi wa Kisiasa, yaani PERI, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1998 na Robert Pollin na Gerald Epstein, na imeshughulika sana na mambo yanayotugusa: ajira, mishahara ya watu wa chini, mazingira, madeni ya nchi.

Mwanafunzi wa uzamivu wa uchumi huko Marekani huanza na miaka kama miwili ya darasani na mitihani, ndipo aingie kwenye tasnifu yake. Safari nzima huchukua miaka 5 au 6, na wengi huzidisha. Wachache sana wanaweza kujilipia muda wote huo. Kwa hiyo chuo humpa kazi ya kufundisha madarasa ya chini au ya kuwa mtafiti msaidizi, kwa kawaida isiyozidi saa 20 kwa wiki, naye husamehewa karo na kupewa posho ya kujikimu. Pale Amherst wasaidizi hawa wana hata chama chao cha wafanyakazi.

Kazi yenyewe haina sherehe. Ni kukusanya takwimu za miaka 40 au 50 kutoka benki kuu, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, kuzipanga katika jedwali moja, na kugundua kwamba hazilingani. Kongo ilibadili sarafu mwaka 1993 na tena mwaka 1998. Tanzania na Kenya huanza mwaka wa fedha Julai, wengine Januari. Msaidizi ndiye anayeketi na mambo hayo mpaka usiku. Akimaliza, hupata shukrani ya mstari mmoja chini ya ukurasa. Akikosea, huenda asijue mtu yeyote kwa miaka mingi.

Kosa lililogunduliwa na mwanafunzi

Mwaka 2010 wachumi wawili maarufu wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi. Walionyesha kwamba katika nchi tajiri, deni linapozidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi haukui tena. Kwa wastani unarudi nyuma kwa asilimia 0.1 kwa mwaka. Namba hiyo 90 ilisafiri haraka. George Osborne aliitumia kazi hiyo katika hotuba yake mwaka 2010 kabla ya kuwa waziri wa fedha wa Uingereza, na Paul Ryan aliitaja katika mapendekezo yake ya bajeti kwenye Bunge la Marekani mwaka 2013. Hatusemi kwamba makala hiyo peke yake ndiyo iliyoleta kubana matumizi ya hospitali na huduma za jamii. Serikali nyingi zilikwisha kuamua. Lakini iliwapa la kusema.

Pale Amherst, Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu, alipewa zoezi la darasani: chagua utafiti uliochapishwa, urudie hesabu zake. Alichagua huo wa deni. Alijaribu tena na tena, majibu yakakataa kufanana. Yeyote aliyewahi kuwa mwanafunzi anajua alichofikiri kwanza: kosa ni langu. Aliwaandikia wenye makala, nao, kwa uungwana, wakampelekea jedwali lao la Excel.

Alipolifungua aliona kwamba wastani ulichukuliwa kwa baadhi tu ya mistari. Nchi 5 zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Pia miaka 4 ya New Zealand, 1946 hadi 1949, haikuingia. Na jambo la tatu ni namna ya kupima uzito wa kila nchi, ambalo tunalifafanua kwa sababu hata wahasibu wetu wa vigango hukutana nalo.

Uingereza ilikuwa na miaka 19 ya deni lililozidi asilimia 90, na uchumi wake ulikua kwa wastani wa asilimia 2.4. New Zealand, baada ya miaka ile kuachwa, ilibaki na mwaka mmoja tu, 1951, ambapo uchumi ulishuka kwa asilimia 7.6. Ukizihesabu nchi hizi mbili sawasawa, wastani ni hasara ya asilimia 2.6. Ukihesabu kila mwaka kwa uzito wake, miaka 20 yote pamoja, unapata ongezeko la asilimia 1.9. Namba ni zile zile, ila habari mbili tofauti kabisa.

Herndon, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, alitoa matokeo Aprili 2013 kupitia PERI. Badala ya kurudi nyuma kwa asilimia 0.1, nchi zenye deni kubwa zilikua kwa asilimia 2.2. Zilikua polepole kuliko zenye deni la kati ya asilimia 60 na 90, ambazo zilipata 3.2, lakini lile korongo la ghafla halikuwapo. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la jedwali. Walikataa kwamba waliacha takwimu kwa makusudi, wakatetea njia yao ya kupima uzito, na wakashikilia kwamba deni kubwa huenda pamoja na ukuaji mdogo. Mabishano hayo yanaendelea kati ya wachumi.

Kwetu sisi jina la kwanza kwenye makala ile lilikuwa na maana. Wachumi huwa wanapanga majina kwa alfabeti. Walimu wale waliliweka la mwanafunzi mbele yao. Msaidizi anamtegemea profesa kwa posho, na kwa barua ya kuombea kazi kesho. Si rahisi kwake kusema kwamba wakubwa wamekosea, na hawezi kabisa kama mkubwa wake hayuko tayari kusimama nyuma yake.

Fedha zinazotoroka Afrika

Katika kituo hicho hicho yupo Profesa Léonce Ndikumana, mzaliwa wa Burundi. Yeye na James Boyce wamepima kwa miaka mingi utoroshaji wa mitaji kutoka Afrika. Njia yao, kwa ufupi, ni kulinganisha fedha za kigeni zilizoingia nchini na matumizi yaliyoandikwa. Pengo lisilo na maelezo limetoroka. Kisha hulinganisha vitabu vya biashara. Tuseme nchi inaandika imeuza shaba ya dola 100, na wanunuzi wanaandika wamepokea ya dola 140. Hizo 40 ziko wapi? Mwaka 2018 walikadiria kwamba nchi 30 za Afrika zilipoteza jumla ya dola trilioni 1.4 kati ya 1970 na 2015.

Takwimu hizo nazo zimepingwa. Mwaka 2016 ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyoandaliwa na Ndikumana ilihesabu pengo kubwa katika dhahabu ya Afrika Kusini. Wenye migodi walionyesha kwamba dhahabu iliandikwa katika fungu lake, bila kutaja nchi inakokwenda, kwa hiyo sehemu ya pengo ilitokana na uandishi wa vitabu. Ripoti ilifanyiwa marekebisho mwaka huo huo. Ndiyo maana tunaponukuu hesabu za namna hii katika ripoti zetu, tutaandika makadirio, pamoja na mwaka yalipotolewa.

PERI huweka majedwali yake ya utoroshaji wa mitaji wazi, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyachukua na kuyajumlisha upya. Kamati yenye kijana anayejua Excel imjaribu kwa nchi yake. Majibu yakikataa kufanana, asiogope. Atuandikie kupitia katibu wa kamati.